Zamu ya Baba Yako

Naikumbuka siku moja ya mtihani, mwanangu, ambayo hata leo nikiitaja moyo unanidunda. Funga kwanza hilo sanduku, kaa unisikilize. Kesho pikipiki inakupeleka Kasongo, na kutoka hapo unaenda chuo kikuu kusoma elektroniki kama mimi shangazi yako. Furahi, una haki. Lakini nisikie.

Sisi kwetu Lusangi tulisoma kwa zamu. Babu yako alikuwa mkulima, hakuweza kupeleka watoto wawili chuoni kwa mara moja. Mimi mkubwa nikatangulia. Saidi, baba yako, akangoja. Na kungoja kwake hakukuwa kukaa barazani. Alishuka kwenye mashimo ya dhahabu kule Salamabila kutafuta ada yangu. Makubaliano yetu yalikuwa haya: mimi nikipata diploma, yeye anatoka shimoni, zamu ya kusoma inakuwa yake.

Huko chuoni meza moja ya labo, ile maabara yetu, tuliizunguka kundi zima. Chuma cha kulehemu kimoja, mita ya kupimia umeme moja. Wavulana wakashika vyombo, mimi wakanipa kalamu. "Wewe mwandiko wako iko muzuri, andika raporo yetu." Wee, nilivyovimba kichwa! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miaka ikapita naandika ripoti za vipimo ambavyo mikono yangu haikuvipima, na pointi napata nzuri, hata nyumbani wakanipigia vigelegele.

Mwaka wa mwisho akaingia asistanti wetu, mwalimu msaidizi, mtu mkali asiyejua kucheka, akasema, "Leo kila mutu peke yake." Kila mmoja atengeneze kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani uwe mdogo, wa kuwashia redio, kisha kiwashwe mbele yake. Anayeshindwa hapati diploma. Nikakitazama kile chuma cha kulehemu ambacho miaka yote sikuwa nimekishika.

Rafiki yangu Kalume, jirani yangu mezani, alikuwa ametengeneza viwili. Akanisukumia kimoja kwa siri. Nikakishika. Kilikuwa kimekamilika, safi. Akilini nikamwona Saidi kule shimoni, na udongo wote ule juu ya kichwa chake. Kukitoa kifaa kile mbele ya asistanti kulikuwa ni kumtoa yeye shimoni. Lakini nikaiona pia hospitali ya kwetu Kabambare, mashine ya kuwasaidia watoto kupumua imezimika, mama analia, watu wanasema, "Mwiteni injinia." Na injinia ni mimi, na mikono yangu haijui kitu. Ee Mungu wangu! Nikamrudishia Kalume kifaa chake.

"Uko na wazimu?" Kalume akaninong'oneza.

Nikalehemu mwenyewe. Kondansateri, kile kipande kama kidumu kidogo chenye upande wa chanya na wa hasi, nikakiweka kinyume. Asistanti akawasha. Paa! Kikapasuka, moshi ukatujaa usoni. "Utarudia mwaka," akasema, akaenda kwa mwingine.

Nikampigia Saidi simu huku nalia. Akasema, "Yaya, dada yangu mukubwa, nimesikia. Haizuru. Lakini soma na nguvu, maana huku shimo iko inalia, udongo iko inaanguka."

Mwaka ule, mwanangu, niliunguza vidole, nikaharibu vipande, nikauliza hata waliokuwa wananicheka. Kila simu ikilia nadhani ni habari ya shimo. Usiku wa kuamkia mtihani, habari ikafika kwamba shimo limeporomoka na Saidi yumo. Niliingia mtihanini sijui kama nina mdogo wangu au sina. Nikalehemu, kifaa kikawaka, nikafaulu. Sikufurahi hata kidogo mpaka nilipoambiwa wamemtoa hai.

Ule mguu anaouburuta baba yako, wamekuambia ni ajali ya pikipiki. Si pikipiki. Ni mwaka ule wa kunisubiri.

Baadaye nilimwambia zamu ni yake sasa. Akakataa, akasema moyo wa kusoma umebaki kule chini. Nikamsimulia kile kifaa cha Kalume, nikamuuliza kama ningepaswa kukitoa kama changu. Akaniangalia, akasema, "Yaya, usiniulize hiyo."

Sijutii kukirudisha. Injinia wa uongo ni hatari kwa wagonjwa. Najutia kalamu. Kweli yangu ilichelewa, na aliyeilipia hakuwa mimi. Basi siku ya kwanza labo, wakikusifu mwandiko, waambie waandike wao, wewe unataka kushika. Watakuita mjeuri. Wacha wakuite. Unguza kidole mapema, uliza mapema, shindwa mapema, wakati kosa lako bado ni lako peke yako. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde barabarani, akupe marafiki wa kweli, aibariki mikono yako miwili. Na ukifika mlangoni pa kile chuo, ingia kichwa juu. Zamu unayoingia nayo ni ya baba yako.