Kuku Mmoja kwa Mkate wa Boga

Harufu ya boga lililochemshwa, ikichanganyika na moshi wa magunzi ya mahindi, hunitoa jasho mpaka leo. Wengine husema harufu ya chakula huwakumbusha mapenzi ya mama zao. Mimi hunikumbusha aibu, na kwa umri huu sioni sababu ya kudanganya. Shule niliishia darasa la nne, maneno ya kupamba sikufundishwa. Lakini nina tanuri langu hapa Katesh, nina nyumba, nina watoto niliowasomesha kwa unga wa ngano. Kwa hiyo nikisema aibu, msidhani ni maskini analia njaa.

Tulikaa Mogitu, chini ya Mlima Hanang, enzi hizo tukihesabiwa watu wa mkoa wa Arusha, na Manyara likiwa jina la ziwa tu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Katesh yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni za rangi na vitenge, na sisi tukapita mbele yake tukitazama. Msimu wa baridi wa mwaka huo mama alijifungua mtoto ambaye hakulia. Kwetu Wairaqw, wazee walikuwa na mwiko juu ya jambo hilo: mwanamke aliyepatwa nalo akae ndani mpaka msimu ugeuke, asiingie boma la mtu, asichote maji kwenye chemchemi ya wote, na chakula kilichoguswa na mkono wake jirani asikile. Mchungaji alihubiri kwamba mambo hayo yamekwisha. Watu wakaitikia amina, wakarudi makwao na mwiko wao. Tukiwaamkia shikamoo, walijibu marahaba wakiwa ng'ambo ya ua, wala hawakusogea. Bibi, mama yake baba, tuliyekaa naye boma moja, alihamisha jiko lake akaanza kujipikia peke yake.

Baba aliwahi kuwa mpishi kwenye kambi ya madereva wa matrekta, kule tambarare kwenye mashamba makubwa ya ngano, na hakuona haya kushika sufuria. Alituita watoto akasema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha akagawa kazi. Safari, kaka yangu mkubwa, akapewa maji. Danieli, mdogo wetu, akapewa kufagia zizi na kuanua nguo. Mimi nikapewa mbuzi. Unga na jiko akachukua yeye. Nilimuuliza kwa nini asinipe mimi jiko, msichana wa pekee nyumbani. Akanijibu, "Nikikupa wewe unga, watasema mama yako anakuelekeza kutoka ndani, mkono ni wake. Nikikanda mimi, hawatakuwa na la kusema." Hapo alikosea. La kusema lilikuwepo tele. Nikipeleka mbuzi kunywa, wasichana wenzangu waliniuliza, "Na leo mama yenu mwenye ndevu kapika nini?" Safari alianza kwenda chemchemini kabla jua halijachomoza ili asionekane na ndoo kichwani. Nilitamani niwe mtoto wa boma lingine lolote, hata la mlevi.

Na hata hivyo, nikisema kweli, hatujawahi kula vizuri kama msimu ule. Ngano ilikuwa ile tuliyookota shambani mashine zilipokwisha kuvuna, suke moja moja, migongo ikiwaka. Kwa kuwa ilikuwa kidogo, baba aliiongezea boga lililopondwa, na kwa hilo boga hakuhitaji sukari. Hamira hatukununua. Aliacha donge la unga wa jana kwenye kibuyu, likachacha, likaumua unga wa leo. Kuni alizihifadhi kwa ugali na maharage. Mkate aliupika kwa makaa ya magunzi, mengine chini ya sufuria, mengine juu ya kipande cha bati alichofunikia. Haba na haba, kibaba kikajaa. Mkate ulitoka wa rangi ya manjano, ganda gumu, ndani laini kama shavu la mtoto. Kipande cha kwanza alikipeleka kwa mama, akakaa mlangoni mpaka akimalize.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu kila boma hupeleka sadaka ya lilichonacho, na ibada ikiisha vitu hunadiwa nje ya kanisa. Kitu chako kikinunuliwa, kinakwenda kuliwa kwenye nyumba ya mwenzako. Baba alilijua hilo vizuri. Wangeununua mkate wetu mbele za watu wote, mwiko ungekuwa umevunjika na mama angetoka ndani. Aliukanda mkubwa kuliko yote, akaufunga kwa kanga ya mama, akanipa mimi niubebe.

Mzee wa kanisa aliyenadi aliuza maboga, akauza jogoo, akauza debe la ulezi kwa kelele na vicheko. Akauinua mkate wetu. Kelele zikakatika. Akauliza, kwa upole tu, "Huu umekandwa na nani?"

"Na mimi," baba akasema kwa sauti.

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Kesho atanyonyesha!" Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwetu hakuna wa kunyonyeshwa, wakanyamaza. Kimya kile nakisikia mpaka leo. Wanawake niliowajua tangu kuzaliwa walitazama chini kwenye vidole vyao vya miguu. Mnadi akauliza tena nani anaanza. Hakuna.

"Kuku mmoja!" Ni baba.

"Kuku mmoja, mara ya kwanza..."

"Kuku wawili!" Baba tena.

Mnadi akashusha mkate. "Baba Safari, unashindana na nani?"

"Na huyo aliyesema kuku mmoja. Simwachii."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi niliyekuwa nimesimama na kanga tupu mkononi nilijifunika nayo uso. Baba aliwaleta kuku wake wawili mchana uleule, akawakabidhi, akaubeba mkate kifuani mpaka nyumbani.

Sisi watoto tulifika kabla yake, na mama alikuwa akitungoja kizingitini. Alipoiona kanga ikiwa tupu mkononi kwangu alifurahi, akauliza nani kaununua. Tukatazamana. Danieli, ambaye hakujua kuficha, akasema, "Baba. Kulikuwa na mwingine anautaka sana, na yeye ni baba." Mama akacheka, sauti tuliyokuwa tumekwisha kuisahau. Kisha akaacha. "Kwa hiyo hakuna mtu," akasema. Bibi, upande wake wa boma, aliendelea kupepeta ulezi. Tuliula mkate ule wenyewe, na mama akabaki ndani mpaka mvua za kwanza.

Siku hizi ni mkoa wa Manyara, lami imepita, na mkate unakuja na gari kutoka mjini umefungwa kwenye mfuko. Watu wanaununua bila kuuliza aliyeukanda ni mwanamume au mwanamke, wala alizika nani juzi. Mwanamke akipatwa na yaliyompata mama, majirani wanajaa kwake na vyungu vya chakula, na wanakula naye. Ni vizuri, nasema kweli. Wajukuu zangu wa kiume wanakanda unga kwangu huku wakipiga miluzi. Mikate yangu haifiki saa nne asubuhi.

Lakini kila mwaka, Jumapili ya mavuno, napeleka kanisani mkate wa boga, na watu wanaugombea. Mnadi anapouinua tu, kabla mtu hajavuta pumzi, mdomo wangu unapiga kelele wenyewe: "Kuku mmoja!" Watu wanacheka, wanasema bibi huyu ana ukarimu, anachangamsha mnada. Nawaacha waseme hivyo. Kimya kile siwezi kukisubiri kuona kama kitarudi.