Unga wa Sadaka, Unga wa Tunzo

Nakumbuka Ijumaa moja kule Muaither, pembezoni mwa Doha, unga ulikuja mlangoni petu mara mbili. Mara ya kwanza ulirudishwa, mara ya pili ukapokewa kwa vigelegele. Unga ni ule ule, mfuko ni ule ule, na walioleta ni wale wale. Kaa hapo, mwanangu, nikueleze kilichobadilika, maana nawe umeshika ngoma, au kalamu, au rangi, na iko siku maradhi yatafunga milango ya kumbi ujiulize utakula nini.

Ulikuwa mwaka wa homa ya nguruwe. Sisi tusiomla nguruwe tukashikwa na homa yake. Dunia haina adabu. Doha nzima watu walitazamana puani. Ukikohoa dukani, foleni yote inakuachia nafasi. Wanawake waliozoea kubusiana mashavu mara tatu wakawa wanapungiana mikono kwa mbali kama walio ng'ambo mbili za mto.

Mimi nilikuwa mpishi kwa familia moja Al Thumama, na siku za harusi nikipiga chapuo, ile ngoma ndogo. Sikuwa msichana, nilikwishazaa na kuachika, lakini kichwa kilikuwa bado cha msichana, chepesi kuwaka. Kundi letu la ngoma lilikuwa la wanawake watatu. Mwimbaji wetu na mkubwa wetu alikuwa Bi Zuhura, mtu wa Mombasa kama mimi, aliyekaa Doha tangu barabara nyingi zikiwa mchanga. Wa tatu ni Nakato, Mganda wa Masaka, mwenye msalaba shingoni, na msondo, ile ngoma ndefu ya sauti nzito, aliupiga kushinda mtu yeyote niliyemsikia, wa pwani au wa bara. Watu walikuwa wakiuliza, Mganda huyu Mkristo kajulia wapi ngoma ya Waswahili? Bi Zuhura akiwajibu, "Ngozi ya ng'ombe haina kabila."

Tulialikwa kwenye harusi za wanawake, za watu wa kwetu, za Wakomoro, za Waarabu wenye bibi zao Zanzibar. Mimi ngoma ilikuwa kitoweo tu, ugali wangu ulikuwa jikoni kwa watu. Lakini Bi Zuhura na Nakato ngoma ndiyo ilikuwa ugali. Waliishi chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa pale Muaither, na msondo ukilala katikati yao kama mtoto.

Homa ilipoingia, harusi zikaahirishwa. Moja, nyingine, zote. Nani atawajaza wanawake mia ukumbini wapige makofi na kupiga vigelegele kinywa wazi? Bi Zuhura akaufunika msondo kwa kanga. Siku hazikuwa nyingi wakawa wanakunywa chai ya rangi na mkate mkavu, na mimi nikija Ijumaa na bakuli la wali nilioomba jikoni kwa mama mwenye nyumba. Huo Bi Zuhura aliupokea. "Wewe ni wa ngoma yangu," alisema, "cha kwako ni cha kwangu."

Sasa Ijumaa hiyo ninayokwambia, Nakato alikuwa na jambo. Alikuwa amepata kazi ya ndani kwa familia moja mbali kabisa, kule kaskazini, nyumba ya kulala huko huko bila siku ya kutoka. Walitaka jibu jioni ile. Alisema hataki kwenda, na alisema hana budi. Akienda, msondo umekwenda. Mimi na Bi Zuhura tungebaki na chapuo na sauti, na ngoma ya chapuo bila msondo ni kama mtu anayecheka bila meno.

Adhuhuri ikaja gari. Wakashuka wanawake watatu, Wakenya wa bara, vitambaa puani, wametoka kusali kanisani kule Abu Hamour, maana Doha hata kanisani watu husali Ijumaa. Mkubwa wao aliitwa Njeri, nesi, msichana mzuri mwenye moyo mweupe, nakwambia kweli. Yeye na wenzake walichangishana kusaidia watu wetu waliokosa kazi. Walibeba mfuko wa unga, mafuta, mchele na sukari. Nakato alipouona ule unga nilisikia tumbo lake.

Njeri akatoa simu. "Mathe, shika huo mfuko juu kidogo," akamwambia Bi Zuhura. "Picha moja tu, waliochanga waone umewafikia."

Bi Zuhura hakuinuka kitini. "Mnampa nani, mwanangu?"

"Ni nyinyi, mathe. Wasanii. Tumesikia mmeumia sana."

"Umewahi kunisikia nikiimba?"

"Hapana, mathe. Mimi hata harusi siendi, zamu zinanimaliza."

"Basi umeleta chakula kwa mtu usiyemjua kazi yake, na unataka picha ya njaa yake. Unga wako ni mzuri. Urudishe garini."

Msichana wa watu alisimama pale na simu yake mkononi, macho yakimmeremeta. Wakapakia vitu vyao wakaondoka.

Nakato alitoka mpaka barabarani, akalitazama lile gari mpaka likakata kona. Alirudi, akakaa chini, akasema polepole kwa Kiswahili chake cha Masaka, "Maama, mimi njaa yangu haina sauti nzuri kama yako. Yangu inalia tu. Leo jioni nitawaambia wale watu ndiyo."

Hapo nikawaka. Nilimwambia Bi Zuhura maneno ambayo mtoto hamwambii mkubwa. Nilimwambia heshima haipikwi ikaiva, mwenye njaa hana miiko, na kama anataka kufa na kiburi chake afe peke yake, asimzike Nakato naye. Nilisema yote. Wallahi sikubakisha.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, na sauti hakuipandisha, "Umemaliza? Sasa nijibu. Mwanamke akija mbele yangu harusini, anacheza, noti kaishika juu, ananiwekea kwenye paji la uso na ukumbi mzima unaona, ananipa kwa sababu nina njaa?"

"Hapana."

"Kwa nini, basi?"

"Wimbo umemwingia."

"Na mimi nafanya nini?"

"Unamtaja jina ndani ya wimbo."

"Ndiyo. Kanipa, nimempa. Tumeachana sawa, hakuna aliyeinama. Mcheza kwao hutunzwa, wewe umelelewa na neno hilo. Sasa nikipokea unga kwa jina la ngoma, na aliyeleta hajasikia hata pigo moja, nimekuwa ombaomba mwenye ngoma. Na harusi zikirudi watanilipa bei ya ombaomba. Wewe, na Nakato, na kila atakayeshika ngozi ile baada yetu."

Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu mpaka kaburini. Alimtazama Nakato, akanigeukia mimi, akasema, "Na wewe Mwanajuma kuna mahali umesema kweli. Njaa yangu ni yangu, naweza kuifanyia jeuri. Ya Nakato sina haki nayo. Yule binti nimemfundisha adabu kabla sijamuuliza hali. Nani ana nambari yake?"

Nambari tuliipata kwa mlinzi wa nyumba ya jirani, kijana wa Kisii anayesali na akina Njeri. Bi Zuhura akapiga mwenyewe.

Hakuanza na unga. Alianza na radhi. "Mwanangu, nimekufukuza mlangoni kwangu na huo si mwiko mdogo. Nisamehe. Sasa nieleze, wewe hali yako vipi?"

Mwanangu, ulimi wa mtu aliyeulizwa hali kwa kweli haushikiki. Njeri alilia kwenye simu. Akasema wao watatu ni manesi wa wodi ya wenye homa. Katika jengo lao watu wanapanda ngazi wasiingie lifti moja nao. Leo leo kanisani benchi zima walikaa watatu peke yao, waumini wamejibana kwenye mabenchi mengine kama samaki kwenye kopo. Hakuna aliyewaalika hata chai tangu homa ianze. Ndiyo maana, akasema, walipokusanya vile vyakula walifurahi kwenda nyumba kwa nyumba. Angalau kuna mlango utafunguliwa.

Na sisi tulikuwa tumeufunga.

Bi Zuhura akauliza majina ya wale wawili wengine, na kila mmoja wao watatu ni binti wa nani, wa wapi. Kisha akasema, "Weka simu sauti ya juu, iweke mezani, mkae." Akaniashiria chapuo. Nakato akauvua msondo kanga yake bila kuambiwa, akaupasha ngozi kwa viganja. Simu yetu tukaiweka juu ya kopo la majani ya chai. Bi Zuhura akaimba wimbo ambao hakuwa nao dakika moja nyuma. Naukumbuka hivi:

*Njeri binti Kamau, nani kakuzaa?*
*Wagonjwa wakukimbilia, wazima wakukimbia.*
*Njoo kwangu nikukalishe, pana mkeka wa kukaa,*
*Asiyeogopa homa, mie sitamkimbia.*

Akawaimba na wale wengine, kila mmoja na jina la babaye na kijiji chake. Msondo wa Nakato ulitembea chini ya maneno yale pole kama mtu anayebeba mgonjwa. Tulipomaliza, tukasikia upande wa pili wakipenga kamasi.

Alasiri gari lilirudi. Safari hii hawakushuka kama watu wa msaada. Walishuka wakicheza, wakicheza vibaya, magoti ya bara hayo, mfuko wa unga kichwani kwa Njeri, mafuta kichwani kwa mwenziwe, wakaja hivyo kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nakato akakaa na msondo akawaongoza. Majirani wakatoka madirishani. Njeri alipofika kwa Bi Zuhura aliutua mfuko miguuni pake, akatoa noti, akasita, hakujua iwekwe wapi. Bi Zuhura akainamisha paji la uso. Nikapiga kigelegele mpaka koo likauma.

Picha haikupigwa. Hakuna aliyeikumbuka.

Nakato aliwaambia wale watu wa kaskazini hapana. Na usidhani unga wa siku moja ulitosha. Mfuko huisha, mwanangu, hata uwe na baraka. Kilichotubeba ni kwamba Njeri alikwenda akawaeleza wenzake. Chama chao cha kuchangishana kikatenga fungu la watu wa ngoma, kila mwezi, mpaka kumbi zilipofunguliwa, na hawakuliita sadaka, waliliita tunzo. Wanawake waliofungiwa majumbani wakaanza kuomba nyimbo kwa simu. Mmoja ataka aimbiwe mjukuu wake aliyezaliwa kwao hajamwona, mwingine mamake aliyekufa kwao hakumzika. Hao walitutunza kwa salio: wanasoma nambari za kadi kwenye simu, na mwenye bakala, kile kiduka cha vyakula pale kona, akatupa mchele kwa salio hilo. Nakato alitunzwa kwa jina lake, msondo tu, bila wimbo. Alivimba kichwa wiki nzima.

Wengine hawakuvuka salama. Palikuwa na msichana mmoja Mkomoro, mwimbaji, sauti kama asali iliyochujwa. Yeye alikaa kimya na njaa yake, akiona aibu hata kusema kwamba hana kazi. Alichukua kazi ya kufua nguo mbali huko, na harusi ziliporudi tulimtafuta. Alisema mikono imechoka na koo limefunga. Sijasikia sauti ile tena. Ikipotea sauti, mwanangu, hakuna duka la kununua nyingine.

Bi Zuhura alirudi Mombasa miaka michache baadaye, akafia kwao, kitandani kwake. Nakato alimwombea kwa dini yake na mimi kwa yangu.

Sasa shika haya niliyoyachota huko. Siku kazi yako itakapofungiwa na maradhi, sema. Usijifiche uvunguni na njaa yako kama mwizi. Nenda kwenye chama cha watu wenu, nenda msikitini, nenda kanisani. Siku hizi nasikia kuna ofisi na mifuko ya kuwasaidia wasanii, na matangazo yake yako kwenye simu. Kama macho yako ya kusoma ni mafupi kama yangu, mpe mjukuu akusomee, si aibu. Lakini ukienda, nenda na kazi yako mkononi. Waambie mimi ni mpiga ngoma, hii hapa ngoma yangu, isikieni, kisha nisaidieni niendelee kuipiga. Anayekataa kila mkono ni mpumbavu, na anayepokea kila mkono bila kuuliza atakuja kuwa mtumwa. Na kabla hujamfundisha adabu aliyekuja na mfuko, muulize amelalaje. Huenda njaa yake ni kubwa kuliko yako, ila haiko tumboni.

Nawe uliyejaliwa cha kutoa, kutoa ni moyo. Ukimwendea msanii, tanguliza masikio. Mwambie akupe kidogo cha kazi yake, hata kwa simu, ndipo ufungue mkono. Utakuwa umemlisha mara mbili.

Mungu akuepushe na homa na wenye kukimbia wenye homa. Akupe riziki isiyokuinamisha shingo. Siku ya kutoa akupe mkono mwepesi, na siku ya kupokea akupe uso wa kutazamana na anayekupa. Kazi ya mikono yako isizimike kabla yako. Amin, mwanangu, amin.