Gololi wa Lusungu

Huko Katumba Songwe, mtu akikwambia anafuga, unategemea ataje ng'ombe, nguruwe, au basi kuku wa kienyeji. Lusungu, mke wa Tuntufye, alikuwa anafuga vidudu. Na si nyuki, la! Nyuki wangeeleweka. Alifuga wale wenye miguu mingi unaowakuta ukiinua gogo bichi, ambao ukiwagusa tu wanajikunja na kuwa duara. Watoto wa majirani waliwaita gololi, na jina likakaa.

Wengi wao ni wa kijivu, hawana hata mvuto. Lakini mwaka mmoja, akifukua lundo la maganda ya kakao nyuma ya nyumba, Lusungu alimwona mmoja wa rangi ya chungwa lililoiva. Mwingine angemkanyaga akaendelea na kazi. Yeye alichuchumaa pale akimtazama mpaka uji ukaungua jikoni. Akamtia ndani ya chungu pamoja na wenzake, akasubiri wazae, akachagua wana wenye dalili ya rangi ile, akawatenga, akasubiri tena. Miaka ikapita hivyo. Mwishowe akapata chungu kimoja ambacho kila aliyezaliwa humo alikuwa wa chungwa, bila wa kijivu hata mmoja. Vyungu vingine vilikuwa na mchanganyiko. Kile kimoja ndicho kilichokuwa roho yake. Mwalimu Georgina, aliyehamishiwa kijijini kutoka Bukoba, aliomba apewe wachache awaweke kwenye chupa mezani kwake. Akaambiwa asubiri waongezeke kwanza.

"Hii ndiyo mbegu yangu," Lusungu alikuwa akisema kila asubuhi, akiwanyunyizia maji. Ndiyo, aliongea nao. Kwani wewe huongei na mbuzi wako?

Aliyeyasikia yote hayo ni baba mkwe wake, Mzee Amon, ambaye nyumba yake, pale kwenye mwinuko, ilitenganishwa na ya Lusungu na migomba michache tu. Nasema kusikia, maana kuonana hakukuwepo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani: yeye akija huku, wewe unapita kule; mkikaribiana njiani, unaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Mzee Amon hakuacha, na Lusungu, aliyelelewa akaleleka, hakutaka kuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Tangu aolewe hawakuwahi kusemezana. Mzee akitaka chumvi, anamwambia mkewe Felista, naye Felista anamwambia Lusungu. Na maneno aliyoletewa kuhusu gololi hayakuwa matamu: "Mwambie huyo, nyumba si jalala."

Masika ya mwaka jana, Tuntufye akiwa Mbeya na lori la kakao na Felista akiwa msibani Ipinda, Lusungu alikwenda sokoni Lyulilo kununua chungu kipya. Alivipenda vile vya akina mama wa Ikombe, maana vinashika unyevu. Mvua ikamkuta huko, ikamlaza kwa rafiki yake. Na Mto Songwe, mnaujua ukichachamaa, ukavuka kingo zake.

Alirudi kanga imefungwa magotini, akikanyaga tope. Maji yalikuwa yameshapungua, lakini alama yake ilibaki ukutani, juu ya kitanda. Kona ya chumba alikoweka vyungu ilikuwa tupu. Masikini! Alikaa palepale kwenye tope akalia kwa sauti, mwanamke mzima, akililia vidudu. Beatrice, mke wa shemeji yake, alikuja mbio akidhani kuna aliyekufa.

"Wewe nawe! Vyungu vyako vipo," alisema Beatrice. "Baba kavitoa. Maji yalikuwa kiunoni, kaingia mwenyewe, kavibeba kichwani kimoja kimoja."

"Baba? Kaingia chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako! Mimi niliangalia pembeni kwa aibu. Tena kaviweka pazuri, usihofu. Viko juu ya jiko, na moto haujazimika tangu mafuriko."

Lusungu aliruka kutoka kwenye tope. Juu ya jiko, kwenye uchaga wa mianzi, ndipo kila nyumba ya huko inapoweka mahindi ya mbegu, moshi ufukuze wadudu na joto likaushe. Lakini gololi wana undugu zaidi na kaa kuliko na mende. Wanapumua kwa unyevu, ukiwakausha umewaua.

"Beatrice, kimbia ukamwambie awashushe!"

"Mimi? Thubutu! Mimi si mkamwana kama wewe?"

Basi akaenda mwenyewe. Alifika kwenye migomba akasimama. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na mzee alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda. Lusungu alijifunika kanga kichwani, akageukia shina la mgomba. Alimwogopa yule mzee, na aliwapenda wale gololi.

"Baba," aliita.

Mzee nusura aanguke na kigoda chake.

"Nisamehe, baba. Wanataka maji hao. Wakikauka wanakufa. Zima moto, nakuomba."

Akasikia moto ukimwagiwa maji. Mzee akatoka na kile chungu cha gololi wa chungwa mikononi. Adabu ilimtaka akitue chini aondoke, lakini hakuondoka. Lusungu akakipokea akachungulia. Wa juu wote walikuwa wamekufa, wamepauka na kukauka kama makapi ya mpunga. Akafukua kwa vidole huku machozi yanamtoka. Chini kabisa, chini ya kipande cha gome lililooza, kulikuwa na ubaridi kidogo. Kitu kikasogea. Halafu kingine. Mmoja alikuwa jike, na kwenye mfuko wa tumboni mwake wana walikuwa wakichezacheza, weupe, wadogo kama chenga za mchele.

"Wapo," Lusungu alisema. "Wapo, baba!"

"Nilidhani nawaokoa," mzee alisema. "Kila siku nakusikia ukisema ni mbegu. Na mbegu tunaiweka juu ya jiko."

"Ndaga fijo, baba, asante sana. Bila wewe wangekwenda na maji wote."

Mzee akaleta maji kwenye kata, akauliza amwagie kiasi gani. Lusungu alihitaji mikono yote miwili kuinamisha chungu, kanga ikamteleza mpaka mabegani. Aliiacha. Aliinua uso amwonyeshe: hapa pembeni, kidogo kidogo, usiwamwagie juu.

Mzee alisahau kumwaga. Alimtazama, kata mkononi, kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiwe wewe, mwanangu," alisema.