Vane ya Mkono Mrefu pale Mushaki

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef wa Depo, mkuu wa ghala letu la mabomba, aliweka vane tatu za kufungia maji mezani akaniambia nichague moja. Hakuniuliza jina wala nimesoma wapi. Nikachukua ile inayong'aa zaidi.

"Umechagua kama mutu anachagua kitambaa ku soko," akasema. "Hauniulize maji inatoka wapi, hauniulize nani atafunga. Rudisha."

Ninyi vijana wa mabomba mnaijua vane ya boule, lakini nitaieleza hata hivyo, mnivumilie. Ndani yake mna tufe la chuma lenye tundu. Ukigeuza mkono robo mzunguko, tundu linaelekea bomba na maji yanapita. Ukirudisha robo, yanakatika. Kuna yenye tundu pana sawasawa na bomba, ambayo haibani maji wala haikwamishi mchanga. Kuna yenye tundu jembamba, nyepesi kubeba, lakini inapunguza nguvu ya maji. Kuna ya mwili mmoja, ikichoka unaitupa. Na kuna ya vipande vitatu vilivyobanwa kwa bolti: unachomoa cha katikati, unabadilisha raba zinazozuia maji, vile vya pembeni vinabaki kwenye bomba.

Faida ya vipande vitatu niliijua Mpofi, upande wa Walikale, nilipotumwa mara ya kwanza. Mvua ikiharibu barabara, kipuri kinakaa njiani majuma. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alikuwa akinibebea raba katikati ya katoni zake za sabuni, nami kwa raba hizo nilifufua vane ambazo wengine wangezitupa. Watu wakaanza kuniita fundi, nami nikaanza kuringa. Nasema kweli, niliringa sana.

Kiburi hicho nikapanda nacho Mushaki. Huko tulivuta maji kutoka chemchemi ya mlimani, yashuke katikati ya malisho ya ng'ombe hadi kituo cha afya chenye chumba cha kuzalisha. Injenieri wa mradi aliniachia kuchagua vane ya malishoni. Nikachagua ya tundu pana, chuma kisichoshika kutu, mkono mrefu kama mwiko wa ugali ili atakayeifunga asisumbuke. Nikaipachika mahali bomba linapotokeza juu ya ardhi, kimo cha kiuno.

"Utaijengea nyumba yake, na mufuniko?" Injenieri aliuliza.

"Nitajenga kisha," nikamjibu. Sikujenga.

Haukupita mwezi, maji yakakatika. Nikapanda, nikakuta vane imefungwa. Nikaifungua nikashuka. Juma lililofuata ikafungwa tena, na safari hii bomba lilipasuka juu yake, upande wa chemchemi, kwa sababu maji yanayoteremka kwa kasi yakizuiwa ghafla yanarudi nyuma na kupiga. Kule kituoni mkunga alikuwa akichotesha maji mtoni kwa madumu.

"Papa," akaniambia, mikono imejaa sabuni, "mutoto anazaliwa leo. Hatangojea mutengeneze bomba."

Komite ya maji ikakutana. Aliyechunga karibu na vane ni Papa Bahati, mtu mpole aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe wake. Wakasema ndiye anayefunga, ili maji yafurike juu kwenye chemchemi anyweshee wanyama wake. Akakana. Mwenyekiti akanigeukia mimi, fundi, nami nikasema, "Vane haijifunge yenyewe."

Maneno yale ndiyo yaliyomhukumu. Wakampa hadi Jumamosi awe ameondoa ng'ombe wake kwenye malisho yale. Mkewe, Mama Furaha, alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, akinitazama mimi tu.

Alhamisi nikapanda kulitengeneza bomba. Nilipomaliza nikafungulia maji, nikaketi kula kiazi. Ng'ombe mmoja mwekundu akasogea, akauegemea ule mkono mrefu, akaanza kujikuna shingo. Akajikuna kwa raha, macho kayafumba. Vane ikafunga. Bomba likagonga kwa ndani, ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu. Nikaweka kiazi chini.

Msumeno wa chuma nilikuwa nao kwenye mfuko wa vifaa. Ningeukata ule mkono pale pale, na hakuna ambaye angejua kosa lilikuwa langu. Niliwaza hivyo, siwafichi. Badala yake nikashuka kwa Injenieri.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Andika raporo," akasema. "Pale komite iliandika jina yake, andika jina yako."

Jumamosi nikasimama mbele ya komite nikaeleza yote: mkono mrefu, nyumba ambayo sikuijenga, ng'ombe. Wengine walicheka. Papa Bahati hakucheka.

"Muliniita mwizi wa maji mbele ya bibi yangu," akasema. "Njo kule kwake utasemea."

Nikaenda kwake. Nikamwambia Mama Furaha kwamba kosa ni langu, na kwamba mume wake alisema kweli tangu mwanzo. Akanimiminia maziwa, maana mgeni hanyimwi. Lakini alibaki amesimama mpaka nikamaliza kikombe. Aibu ile ninayo hadi leo.

Ng'ombe walibaki malishoni. Niliweka vane nyingine, isiyo na mkono: ina usukani mdogo wenye meno ndani, unazungusha mara nyingi ndipo inafunga polepole, na maji hayapigi. Nikaijengea nyumba ya mawe yenye mfuniko. Nilikaa Mushaki miaka mingi baada ya hapo, na Mama Furaha alinisalimia kwa kichwa tu.

Sasa nimestaafu. Mnaponiuliza vane ipi ni bora, nawauliza nani anapita hapo, na mnaniona mzee msumbufu. Sawa.

Siku niliyorudisha funguo za depo pale Mushaki walinifanyia sherehe ndogo, maneno mengi ya wakubwa. Katikati ya maneno yale Mama Furaha akaingia na kibuyu chake. Akanimiminia kikombe, akajimiminia na yeye, akavuta kiti karibu na changu, akaketi.