Dume la Hopsi kwa Bibi Robi

Mpwa wangu Bhoke ana kichwa kigumu, na ugumu huo karithi kwangu. Kijiji chetu kizima cha Kerende kinapanda mahindi, yeye kaleta mbegu za hopsi kutoka Sirari, mpakani: ule mmea unaotambaa, wenye vishada vichungu vinavyotiwa kwenye bia ya chupa.

"Nitavitia kwenye pombe yangu ya wimbi, Mjomba. Nyamongo yote itanitafuta!"

Mimi, niliyeishia darasa la tano ila akili ikaendelea mpaka chuo, nilicheka kofia ikaanguka.

Mbegu alizifunga kwenye kitambaa kibichi, akazilaza kwenye friji ya soda dukani kwake, maana bila baridi haziamki. Wateja wakauliza kama ni dawa ya mganga. Wiki zikapita, mbegu zikapasuka! Miche miwili ikanusurika na kuku. Akaifungia kamba za katani nyuma ya jiko, ikapanda mbio kama mwizi wa ng'ombe aliyesikia yowe.

Sasa mjue, Bhoke kaolewa na Bibi Robi. Ndiyo, mwanamke kwa mwanamke. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobhu. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe, akaleta mke wa kumzalia. Bhoke kazaa wasichana watupu, wazuri wote, pua kama yangu.

Mmea wa kwanza ukatoa maua. Bhoke akayachungulia, akashika panga.

"Hili dume, Mjomba. Halizai. Na likimwaga vumbi lake kwa jike, vishada vitajaa mbegu, pombe itaharibika ladha. Naling'oa."

Bibi Robi akachomoka jikoni. "Ung'oe nini? Dume la kwanza kuzaliwa kwenye boma langu?"

"Mama, ni mmea tu!"

"Ni dume! Umesema mwenyewe!"

Nikachochea kuni. "Bibi, tunamtahiri lini?"

Akanirushia mwiko, kisha akasimama mbele ya kamba, mikono ametanua. Bhoke akamtazama, akatazama jasho lake la msimu mzima. Akachomeka panga kwenye paa.

Juzi nikaitwa kwa vigelegele. Jike limezaa! Vishada vichache, vidogo kama ncha ya kidole, lakini ukivifikicha, harufu inakupiga mpaka utosini. Bhoke akakipasua kimoja. Mbegu!

"Mtungi mmoja tu utapata uchungu," akasema, kisha akaanza kurukaruka. "Lakini Mama, mbegu zetu wenyewe! Sirari siendi tena!"

Bibi Robi alikuwa ameshazidondoshea kibuyuni.

"Na mlitaka kumuua," akasema, "baba wa hawa wote."

Bakuli la kwanza ni langu. Si nilisema tangu mwanzo zitaota?