Kanzu ya Mjomba Sadi na Mafuta ya Cherehani

Kuna kona moja ya Buyenzi ambayo mpaka leo siipiti bila kujifunika mtandio hadi puani, na bado watu wananijua, wananiita, "Mama Mawese! Habari ya leo?" nami ninajibu nzuri huku meno nimeyabana, kwa hiyo afadhali nisimulie mwenyewe, maana wengine wakisimulia wanatia hata ambulansi, na ambulansi haikuja (siku zile ilikuwa haiji hata kwa aliyepigwa kweli).

Ilikuwa wakati wa vita. Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yangu, ya kukanyaga kwa miguu, na tulipokimbia tuliiacha, tukarudi tukakuta wamebeba mabati, milango, hata fremu za madirisha, ila cherehani imebaki peke yake katikati ya nyumba isiyo na paa, imenyeshewa mpaka imekuwa rangi ya tofali, kwa sababu ni nzito na mwizi anayekimbia risasi habebi chuma. Nikaipakia kwenye mkokoteni nikaipeleka kwa mavyaa wangu, Bi Mwamini, nilikokuwa nimehamia na binti yangu Zuhura baada ya mume wangu kuvuka kwenda Kigoma kutafuta kazi (alisema atarudi upesi, tuyaache hayo, nikianza nitasahau kanzu).

Bi Mwamini aliiangalia mara moja tu.

"Mama Zuhura, hiyo ni maiti. Jumatatu wanapita wale wanunuzi wa chuma wa Zone Industrielle, kule viwandani, tutawapa."

"Apana, mama. Itashona."

"Itashona nini? Kutu?"

Tukapatana hivi: ishone nguo moja ya kuvaliwa mbele za watu kabla ya hiyo Jumatatu, ikishindwa iende. Nilikuwa nimesoma sekondari mpaka vita vikafunga shule, kazi sina, ninakula kwenye sahani ya mtu, na kila nikimwongezea Zuhura wali ninaangaliwa mkono. Kile chuma kikiondoka, mimi ningebaki hivyo hivyo, wa kuangaliwa mkono.

Nikaifungua skurubu moja moja, nikazipanga kwenye sinia kwa namna zilivyotoka (moja Zuhura aliificha mdomoni, nikaitoa kwa kidole), nikaloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, nikasugua kwa msasa na majivu mpaka kucha zikaisha, na yale maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni mwake, niliyokuwa nikiyagusa utotoni mama akishona, yakaanza kutokea. Nikalia kidogo, nikaendelea kusugua. Mkanda wa gurudumu ulikuwa umeoza, basi nikachana mkanda wa suruali wa mume wangu (yeye alikuwa Kigoma, suruali gani tena?) nikaushona, ukakaa kama umezaliwa pale. Gurudumu likazunguka! Ila lilikuwa linalia, kiii, kiii, kama panya aliyebanwa na mlango.

Jirani yetu Kasongo, Mkongomani fundi wa baiskeli, akachungulia dirishani.

"Mama, iko na kiu. Tia mafuta mu kila katundu."

"Niyatoe wapi, na ambargo hii, bidhaa haziingii?"

"Ngoja, mi nitakuletea kesho. Usiikanyage sana."

Kesho yake ndiyo ilikuwa harusi ya Mjomba Sadi, kaka yake Bi Mwamini, mgane mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliyekuwa anamuoa Bi Halima wa mtaa wa pili. Fundi wake wa siku zote alikuwa amekimbilia Uvira, nami nikajitolea kumshonea kanzu ya ndoa. Usiku ule nilikuwa nimeimaliza yote, umebaki mshono mmoja, wa ubavuni, chini ya kwapa mpaka kiunoni. Asubuhi ya harusi nikakanyaga, gurudumu likagoma. Kasongo hajatokea. Bi Mwamini akapaza sauti kutoka jikoni, na sahani zake akizigonganisha kwa makusudi:

"Maiti imerudi kaburini?"

Nikapandwa na hasira. Ningengoja kidogo tu! Lakini mimi nikikasirika mikono inatangulia kichwa. Nikaingia jikoni, nikachota mawese kwenye chupa ya kupikia mboga ya sombe mbele ya macho yake, nikayatia kwenye kila tundu. Kiswahili chetu nacho kina lawama: mafuta ya taa, mafuta ya gari, mafuta ya kupaka, mafuta ya mboga, yote mafuta. Na cherehani, wallahi, ikanyamaza! Ikashona mshono ule laini kama inaimba. Niliona uzi umekuwa wa njano kidogo, lakini chumba kilikuwa kiza, madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa sababu ya risasi, nikajiambia ni macho.

Mjomba akaivaa pale pale, akajigeuza, akasema mashallah, tukatoka. Mchana mtupu, kwa sababu ilibidi kila kitu kiishe kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje. Dufu mbele, akina mama na vigelegele nyuma, jua linawaka, mzee anatoka jasho, na kumbe chini ya kwapa lake mawese yanayeyuka. Tumefika kwenye kona ile, karibu na kwa Bi Halima, lori moja likapasuka tairi. Paa!

Wote chini. Harusi nzima ililala vumbini, hata dufu. Tulipoanza kuinuka, mwanamke mmoja akapiga ukelele, akimwita mama yake kwa Kirundi:

"Mawe! Bwana harusi amepigwa!"

Doa jekundu, upana wa sahani, ubavuni pa Mjomba Sadi. Akajigusa, akaona vidole vimelowa, tena vya moto, akarudi kulala taratibu kama mtu anayeingia kitandani. Akapiga shahada. Bi Mwamini akajitupa juu yake akilia. Bi Halima akatoka mbio na hina miguuni, na mimi nimesimama, harufu nimeshaisikia, ninajua.

"Halima," mzee akasema, "nilikutaka tangu ujana wetu, niliogopa baba yako tu. Na kanzu hii, kama dini ingeruhusu, ningesema munizike nayo. Tangu nizaliwe sijavaa nguo iliyonikaa hivi mabegani."

Askari wa kizuizi cha barabarani akaja na bunduki yake, akapiga goti, akatafuta tundu la risasi, hakuna. Akagusa doa. Akanusa kidole. Akanusa tena.

"Amamesa!" akasema kwa Kirundi, yaani mawese, kisha akageukia Kiswahili ili tusikie wote. "Muzee, hawakukupiga. Wamekukaanga."

Bi Halima akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na mtaa mzima ukamfuata, watu ambao nilikuwa sijawaona wakicheka tangu vita vianze. Bi Mwamini peke yake hakucheka. Alinigeukia.

"Mama Zuhura."

"Mafuta ni mafuta, mama," nikasema (kati ya majibu yote duniani!).

Mzee akajiinua kwa kiwiko. "Kwa hiyo mi sifi?"

"Haufi," askari akamjibu.

"Basi twende, kabla Halima hajageuka."

Akaoa na doa lake. Mimi nilijificha nyuma ya masufuria mpaka watu wakatawanyika, nikijua kwamba Jumatatu cherehani inaondoka, na haki yao.

Jumatatu wanunuzi wa chuma wakabisha. Lakini walikuta wanawake wawili wametangulia, vitambaa kwapani, maana wote walikuwa wamesikia alichosema mzee akidhani anakufa, na mtu anayekufa hasifii nguo bure. Mmoja akaniambia, "Nikatie ya mume wangu kama ya Sadi, ila yake usiitie mboga." Bi Mwamini akaenda mlangoni, akasimama akaujaza.

"Chuma hakuna humu," akawaambia. "Humu kuna fundi."

Akarudi jikoni bila kuniangalia, akaificha chupa ya mawese.

Kasongo aliyaleta mafuta yake jioni ile, akiomba radhi, nami nilimtukana kwanza ndipo nikashukuru. Ilinibidi kufungua zile skurubu zote upya. Na nimeapa: kitu chochote kinacholiwa hakisogei karibu na cherehani ya mama yangu, hata Zuhura akishika andazi ninamfukuza, na hasira ikinipanda, kwa kuwa bado inanipanda, ninaondoa mguu kwenye kanyagio kwanza. Mume wangu naye akirudi kutoka Kigoma, suruali ataishikilia kwa mkono. Mkanda wake una kazi.