Sili ya Krenki

Juzi niliona gari kuukuu la kifahari likidondosha oili barabarani Awasi, na harufu yake ikanirudisha nyumbani kwetu Milimani, mchana ambao fundi Otieno alilala chini ya gari kama hilo la Baba.

"Mzee, sili ya krenki imekufa," alisema.

Mimi nilisikia Sila amekufa. Sila alikuwa mdogo wake Baba, aliyeishi Port Victoria, na hawakuwa wamesemezana tangu wagombanie shamba. Nilikimbia jikoni kumwambia Mama. Akatoka pekupeku akipiga nduru: "Uwi! Sila amekufa!"

Baba aliketi chini palepale, juu ya oili, na suruali yake ya kanisani.

Fundi alijivuta nje, ameshika mpira mweusi wa mviringo. "Mama, ni hii sili ndio imekufa. Hii ya kuzuia oili."

Mama alicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Sili mpya ilipokwisha kuwekwa, alibadilisha suruali, akawasha gari na kuondoka bila kuaga.

Kesho yake jioni gari liliingia langoni. Baba alikuwa kwenye kiti cha abiria. Aliyeendesha alikuwa Sila.